Betri Iliyochoka na Betri Iliyokufa

Mvua za masika zikishapita, nyumba nyingi zinazotegemea sola huwa na lalamiko moja: taa zawaka vyema magharibi, saa nne za usiku zimefifia, na friji imenyamaza kabla ya alfajiri. Fundi akiitwa, jawabu lake huwa jepesi: betri zimekufa, nunueni nyingine. Kabla ya kufungua mkoba, ndugu msomaji, yafaa vifunguliwe vifuniko vya betri zenyewe.

Nazungumzia betri za risasi zinazojazwa maji. Za jeli, za lithiamu na zile zilizozibwa kabisa hazimo, na kuzifanyia haya ni kuziharibu. Betri ya volti 12 ina vyumba sita, yaani seli, kila kimoja volti 2 hivi, vimeungana kama shanga. Seli moja ikiwa dhaifu, huishiwa mapema na kuziangusha wenzake.

Udhaifu huo hutokana na mawingu. Betri inapotoa umeme, mabamba yake hupata utando wa chumvi ya risasi, na chaji kamili huuyeyusha. Wiki za mvua zikipita bila chaji kamili, utando huganda ukawa mgumu.

Kipimo chake ni haidromita, kibomba cha kioo kinachopima uzito wa tindikali. Betri ikiwa imejaa chaji na kupumzika, seli nzima husoma karibu 1.265. Zote zikisoma chini kwa usawa, zina njaa tu. Moja ikiachana na wenzake kwa 0.050 au zaidi, hiyo ndiyo mgonjwa. Andika kila seli daftarini. Vaa glavu na miwani, kwani leso ya pamba hutoboka kabla hujatambua kuwa umerukiwa. Ngozi ikirukiwa, ioshe mara moja kwa maji mengi.

Kisha maji. Mabamba hayana budi kufunikwa kabla ya chaji, na kiwango kamili kitimizwe baada yake. Tia maji ya betri yaliyotoneshwa kwa mvuke. Ya visima vyetu yana chumvi inayokula mabamba. Tindikali usiongeze kamwe, kwani kilichopungua ni maji. Wapo wanaotia chumvi ya haluli, nami siwashauri hata kidogo.

Dawa yenyewe ni chaji ya kusawazisha. Chagua siku ya jua kali, betri zikiwa tayari zimejaa. Zima na utenganishe taa, friji na inveta, kwani volti zitapanda zikaviunguza. Kidhibiti chaji huwekwa kwenye volti 15.5 hivi kwa mfumo wa volti 12, ila maagizo ya mtengenezaji ndiyo ya kufuatwa. Tindikali itachemka kwa mapovu na kutoa hidrojeni, gesi inayolipuka. Milango iwe wazi, watoto wawe mbali, na pasiwe na jiko, sigara wala chetezo cha udi karibu. Pima kila saa. Betri ikifikia nyuzi 50 za joto, simamisha ipoe. Kipimo kisipopanda tena mara tatu mfululizo, kazi imekwisha. Seli iliyoganda sana huhitaji siku kadhaa za jua, na papara haisaidii.

Betri inayosoma volti 10.5 hata baada ya chaji kamili, huenda seli yake moja imekufa. Hapo fundi alisema kweli. Lakini usichanganye betri mpya na kuukuu za miaka mingi, kwani mpya itavutwa chini upesi.

Iliyokufa isivunjwe uani wala kuachiwa wavulana wanaotafuta risasi ya nyavu. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilieneza risasi mpaka katika damu za watoto, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Irudishe kwa muuzaji anayepokea betri kuukuu na kupunguza bei ya mpya. Ibebwe wima, vifuniko vikiwa vimekazwa, na nguo za aliyeibeba zifuliwe peke yake.