Mguu Umepona kwa Hesabu ya Nani?

Mpakiaji wa magunia avunjikapo mguu kwenye mashine ya mpunga pale Ipinda, au kijana aangukapo na pikipiki katika njia ya Matema, hufungwa, hufunguliwa, kisha huambiwa aende nyumbani akajizoeze kutembea. Akirudi kwa mganga huulizwa, "Waendeleaje?" Naye hujibu, "Naendelea vizuri, bwana," kwani ndiyo adabu yetu, hata goti likikataa kukunjika.

Sasa kiko kifaa kisichojua adabu hiyo. Ni kidogo kama kiberiti, hufungwa mguuni. Ndani yake mna kipande chembamba mno kiyumbacho kila mwili uongezapo au upunguzapo kasi. Myumbo huo hugeuzwa tarakimu, mara 50 au 100 katika sekunde moja. Simu nyingi za kisasa zina kipimo cha namna hiyo hiyo. Kikifungwa kimoja juu ya goti na kingine chini yake, hukadiriwa goti linakunjika kiasi gani, na kama mtu auegemea mguu mzima na kuukwepa ule mbovu. Hayo hayaonekani vema kwa kumtazama mgonjwa akienda hatua kumi juu ya sakafu ya saruji. Majaruba ya Kyela hayana sakafu.

Twakiunga mkono kifaa hiki. Walakini jambo moja latutia wasiwasi. Mfanyakazi aumiaye kazini analo dai chini ya Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008. (Mwenye pikipiki asiye na mwajiri hana hata hilo, habari yake yataka siku yake.) Tarakimu zile zile zimwonyeshazo mganga kwamba goti limelegea zaweza kumfanya mwajiri aseme: jana huyu alitembea hatua 4,000, basi ni mwongo, arudi kubeba magunia! Kifaa huhesabu mwendo. Maumivu hakiyahesabu, wala hakijui kwamba alitembea kwa sababu nyumbani hapakuwa na wa kumtekea maji.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, huziweka habari za afya miongoni mwa zile nyeti. Vyama vya wafanyakazi na viishike sheria hiyo. Kabla mtu hajafungwa kifaa, aandikiwe kwa Kiswahili: kitapimwa nini, nani atasoma, na siku gani kitafunguliwa. Mwajiri atakaye kuzitazama tarakimu hizo, na azitazame mbele ya mganga na mbele ya mwenye mguu.