Kadi yako haijaisha, angalia pawa saplai kwanza

Kompyuta ya gemu ikianza kujizima, mtaani utaambiwa jambo moja: "Kadi imeisha, bro. Nunua ingine." Mimi nakataa. Mara nyingi kadi iko sawa, na mtu anataka tu ulipie ubahatishaji wake.

Kwa wengi wetu hii mashine si mchezo. Kuna wanaoedit video za harusi nayo, kuna wanaotafuta pesa kwa mashindano ya FIFA. Kadi ya mitumba inaweza kumeza kodi ya bedsita miezi kadhaa. Kabla utoe hizo pesa, angalia mashine inazima vipi.

Ikizima baada ya dakika 20 hivi, feni zikilia kama matatu ya Rongai, shuku joto. Prosesa nyingi hupunguza kasi zikikaribia digrii 100 za selsiasi, na joto likizidi mashine inajizima isiungue. Weka HWiNFO, ni programu ya bure, utazame joto gemu ikiendelea. Halafu chomoa waya, fungua kasha, utoe vumbi kwa brashi. Kama mashine ina miaka mingi, ile krimu ya katikati ya prosesa na feni pia imekauka. Paka mpya.

Lakini ikizima ghafla, pap, kama mtu amechomoa waya, na joto liko chini, shuku pawa saplai. Hapa ndipo vijana tunaumia, kwa sababu ya vile tunaunda hizi mashine. Tunachukua kompyuta ya ofisi iliyotoka Uingereza halafu tunaichomekea kadi ya gemu. Dell OptiPlex 7010 ya kasha kubwa ilitoka kiwandani na saplai ya wati 275. GTX 1660 Super peke yake inakula wati 125, na Nvidia inapendekeza saplai ya wati 450. Ile ya Dell haina hata waya wa kulisha kadi kama hiyo, ndiyo maana unauziwa waya wa kuungaunga. Ukiwa YouTube mambo ni shwari. Ukiingia vitani, stima haitoshi na saplai inajikata.

Kuna kipimo cha bure. Weka MSI Afterburner, punguza nguvu ya kadi hadi asilimia 70, ucheze. Ikiacha kuzima, una sababu nzuri ya kushuku saplai. Chomeka pia moja kwa moja ukutani, bila ekstensheni wala UPS ndogo. Bado? Omba beshte akuazime saplai nzuri jioni moja. Ukiamua kununua, jua kwamba OptiPlex zilizofuata 7010 zina plagi yao tofauti, kwa hivyo uliza kabla ya kulipa. Na usifungue saplai yenyewe hata ikiwa imechomolewa, ndani hubaki stima ya kukuumiza.

Siwatukani mafundi, wako wanaojua kazi. Na ni kweli kuna siku kadi huwa imekufa. Ila kuna wale wanafungua Event Viewer, wanakuonyesha Kernel-Power 41 yenye alama nyekundu, kisha wanataja bei. Hiyo 41 inasema tu mashine ilizima bila kufuata utaratibu. Haisemi ni nini kiliizima.

Niliacha chuo, na kujumlisha wati hakukunidai cheti. Soma kibandiko kwa saplai, soma mahitaji ya kadi, linganisha. Na fundi akikutajia bei kabla hajapima kitu, beba mashine yako uende kwa mwingine.