Kumbukumbu Pepe si RAM

Kompyuta nyingi za majumbani mwetu huingia mlangoni zikiwa zimekwisha kutumika na wengine, na aghalabu huja na gigabaiti 4 za RAM pamoja na diski ya sahani inayozunguka. Kwa muda hutumika bila malalamiko. Kisha watoto hufungua masomo ya video, mama hufungua jedwali la hesabu za biashara yake, kivinjari hubaki na kurasa kumi zilizo wazi, na mashine huanza kusuasua hata herufi moja ikawa na subira yake. Hapo ndipo mwenye nyumba huambiwa kwamba ipo njia nafuu ya kuongeza RAM bila ya kuifungua mashine.

Tumekwisha kuulizwa juu ya njia hiyo na jamaa zaidi ya mmoja. Mmoja wao, mwalimu anayeandaa mitihani nyumbani, alikuwa amekwisha kulipa, na mashine yake ikabaki na uzito ule ule. Tulipoitazama tukaona kuwa alichofanyiwa ni kubadilishiwa tarakimu mbili katika dirisha la mipangilio ya kumbukumbu pepe. Fundi kulipwa ujira ni haki yake, hata kazi ikiwa ya dakika tatu. Lakini kumwambia mtu kwamba ameongezewa RAM ilhali hakuongezewa ni ghishi, wala haipungui kuwa ghishi kwa sababu tu bidhaa yenyewe haionekani kwa macho.

RAM ni mfano wa meza ya fundi cherehani: kitambaa kinachoshonwa sharti kiwe juu yake. Meza ikijaa, vitambaa visivyoguswa kwa sasa hukunjwa na kutiwa kapuni. Kikihitajika kimojawapo hutolewa, na kingine kikatiwa mahali pake. Kapu hilo katika Windows ni faili moja lililofichwa kwenye diski C, jina lake pagefile.sys, na kumbukumbu pepe ni meza na kapu vikihesabiwa pamoja. Mpango huu ni wa zamani. Kompyuta Atlas ya Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, iliyozinduliwa mwaka 1962 na kujengwa na kundi lililoongozwa na Tom Kilburn, ilikuwa na nafasi 16,384 tu za kumbukumbu ya haraka, na nyingine 98,304 katika ngoma ya sumaku yenye kwenda polepole. Mashine yenyewe ikafundishwa kuhamisha kurasa kati ya huku na kule, ili mwandishi wa programu aone kumbukumbu moja kubwa. Kilichopatikana ni nafasi. Kasi haikupatikana, wala haipatikani leo.

Tofauti yenyewe si ndogo. Kama tungesema kwamba kuchukua kitu kutoka kwenye RAM huchukua sekunde moja, basi kukichukua kutoka kwenye diski ya sahani kungechukua zaidi ya siku nzima, na kutoka kwenye SSD kiasi cha robo saa. Kwa hiyo mashine yenye meza ndogo na kapu kubwa mno hubeba kazi nyingi bila kuanguka, lakini hushinda ikikunja na kukunjua kuliko kushona. Ile taa ya diski isiyozimika, na panya anayeganda kwenye kioo, ndizo dalili zake.

Wapo pia wanaoshauri kinyume chake, yaani faili hilo lizimwe kabisa ili diski ipumzike. Ushauri huu tunauona kuwa wa hatari zaidi kuliko ule wa kwanza. Kapu likiondolewa, siku RAM ikijaa programu huomba nafasi na kunyimwa. Hujifunga ghafla, na kazi ambayo haijahifadhiwa hupotea. Hata mwenye RAM nyingi asishawishike, kwa kuwa programu huomba kuwekewa nafasi kubwa kuliko wanayoitumia, na Windows hukubali pale tu inapojua kwamba ina mahali pa kuiweka.

Anayetaka kujua mashine yake ilivyopangwa abonyeze kitufe cha Windows pamoja na R, aandike sysdm.cpl, kisha afungue kichupo cha tatu. Abonyeze kitufe cha mipangilio kilicho ndani ya fremu ya juu, aende kwenye kichupo cha pili cha dirisha litakalofunguka, na chini yake atakiona kitufe kilichoandikwa Change. Juu kabisa ya dirisha la mwisho pana kisanduku kimoja. Kikiwa na tiki, Windows yenyewe hupanga ukubwa wa faili, hulikuza na kulipunguza kwa mahitaji, na kwa nyumba nyingi hapo ndipo pa kufungia dirisha na kuondoka. Kwa kompyuta iliyonunuliwa mkononi mwa mtu tiki hiyo huenda imeondolewa zamani. Irudishwe, na mashine iwashwe upya.

Sababu ya kuingilia kati tunayoikubali ni diski C kujaa. Kwanza zifutwe video zilizokwisha kutazamwa, na pipa la taka limwagwe. Ikiwa bado nafasi haitoshi na ipo diski nyingine ya ndani, faili lihamishiwe huko: kwa mashine ya gigabaiti 4, kiwango cha chini megabaiti 4096 na cha juu 8192 ni kadiri nzuri. Kitufe cha Set kisisahauliwe kabla ya OK, la sivyo hakuna kitakachobadilika. Ile kanuni ya kuzidisha RAM kwa moja na nusu ilifaa zama za RAM haba. Mwenye gigabaiti 16 akiifuata atazika gigabaiti 24 za diski bila faida.

Anayetaka wepesi anunue RAM halisi, au aondoe diski ya sahani na kuweka SSD. Kabla ya kununua aulize ni DDR3 au DDR4, kwani moja haiingii katika tundu la nyingine, na kompyuta mpakato nyingine RAM yake imechomelewa moja kwa moja na haiongezwi. Akiwa bado pale dukani abonyeze Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, na katika sehemu ya utendaji achague Memory. Tarakimu iliyo juu kulia ndiyo RAM iliyomo. Ikiwa kabla ya fundi ilikuwa 4.0 na baada yake ni 4.0, ilhali kilichokua ni tarakimu ya pili ya Committed iliyo chini, basi kilichoongezwa ni kapu, na bei yake haiwi bei ya meza.