Breki Si Pambo

Wapo watu wanaolitazama gari la zamani kana kwamba ni kitu kitakatifu. Ukiifunga Volkswagen ya mgongo wa kobe breki za diski, watalalamika kwamba umeiharibu, imepoteza asili yake. Mimi ni mpenzi wa magari hayo, na nasema hoja hiyo haina msingi.

Asili ipi wanayoitetea? Volkswagen hizo zilianza na breki za kuvutwa kwa waya. Mwaka 1950 kiwanda chenyewe kikaweka breki za mafuta katika toleo la Export. Mwaka 1966 toleo la 1500 likatoka na diski katika magurudumu ya mbele. Ikiwa waundaji wenyewe hawakuziabudu breki zao, sisi tunaabudu nini?

Ukweli ni kwamba breki za dramu zilizorekebishwa vizuri husimamisha gari vyema mara ya kwanza. Taabu huja katika mteremko mrefu kama ule wa Kitonga. Joto hujifungia ndani. Dramu hutanuka na kujitenga na breki shuu, nazo hupoteza uwezo wa kushika. Dereva hukanyaga, mguu ukazama, gari lisitii. Diski iko wazi, na upepo huipoza.

Lakini nisiwasifu wanaofunga diski kwa kujionyesha tu. Kununua diski na kuiacha masta silinda ya dramu ni kujidanganya. Aghalabu ndani yake mna vali inayobakiza shinikizo katika mabomba. Shinikizo hilo huzifanya pedi zisugue diski wakati wote na kuzichemsha. Tena masta silinda nyingi za zamani zina njia moja tu ya mafuta: bomba moja likipasuka, magurudumu yote manne hukosa breki. Kwa hiyo ifungwe ya njia mbili, inayolingana na diski. Na tairi zilizokwisha haziokolewi na breki yoyote.

Anayethamini asili na azifunge dramu zake katika kasha, atakayelirithi gari azikute. Lakini barabarani yupo mama anayevuka na mtoto mgongoni. Yeye hajui gari lako liliundwa mwaka gani, wala halimhusu. Haki yake ni moja tu: ukikanyaga breki, gari lisimame.