Mifupa Inayovunjika kati ya Mbinga na Mbamba Bay

Katika ajali ya pikipiki, mguu ndio unaoumia kuliko kiungo kingine chochote. Aliye ndani ya gari ana bodi linalopokea pigo kabla ya mwili wake. Aliye juu ya pikipiki hana. Mguu wake uko wazi pembeni mwa injini, mbele ya kila kinachokuja: bampa ya lori, ukingo wa daraja, jiwe la kando ya barabara, au uzito wa pikipiki yenyewe inapolala ubavu. Tafiti zilizofanywa katika hospitali kubwa za nchini Tanzania, ikiwamo Bugando ya Mwanza, zimeonyesha kwamba majeraha ya viungo na ya kichwa ndiyo yanayoongoza kwa majeruhi wa pikipiki, na kwamba wengi wao ni vijana wa kiume walio katika umri wa kutafuta riziki.

Katika wilaya za Mbinga na Nyasa, udhaifu huo wa mguu unakutana na mlima. Mji wa Mbinga uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Nyasa liko kwenye mita 474 hivi. Barabara ya Mbinga hadi Mbamba Bay, yenye urefu usiofika kilomita 70, inashuka tofauti hiyo yote kwa kona na miteremko. Ilipokuwa ya vumbi, na tope jekundu nyakati za mvua, watu walianguka mara kwa mara, lakini walianguka polepole. Lami imeleta neema ambayo watu wa ziwani waliisubiri kwa miaka mingi, na imeleta pia mwendo. Hapo hesabu haina huruma: anayeanguka kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa hapigwi mara mbili ya anayeanguka kwa kilomita 30, anapigwa mara nne.

Mzigo nao una sehemu yake. Waendesha bodaboda, au yeboyebo kama wengi wanavyowaita mkoani Ruvuma, hushusha kahawa ya Umatengo kutoka milimani hadi kwenye vyama vya msingi, na hupandisha dagaa na mbasa kutoka ziwani. Gunia likikaa nyuma sana, gurudumu la mbele huwa jepesi na usukani hautii tena. Wapo pia wanaozima injini kwenye mteremko na kuiacha pikipiki iserereke ili kuokoa petroli. Kufanya hivyo ni kutupa breki moja muhimu, yaani gia. Kazi yote huachiwa breki za magurudumu, nazo zikipata moto hupungua nguvu pale pale zinapohitajika.

Mfupa unaovunjika kwa namna mbaya zaidi ni ule wa ugoko. Upande wa mbele wa mfupa huo hauna nyama ya kuukinga. Kuna ngozi tu. Ukivunjika, ncha yake hutoboa ngozi kwa urahisi, na uchafu wa barabarani, mchanga, mafuta na kinyesi cha mifugo huingia hadi ndani ya mfupa. Kidonda cha namna hiyo si cha kushona na kumruhusu mtu aende nyumbani. Kinahitaji dawa ya kuua vijidudu mapema iwezekanavyo, ikiwezekana ndani ya saa moja, sindano ya pepopunda, kisha kuoshwa kwa maji mengi katika chumba cha upasuaji na kukatwa nyama yote iliyokufa. Usaha ukishaingia mfupani, kijana hutembea na kidonda kinachotoa maji kwa miaka, na wapo wanaoishia kukatwa mguu kwa jeraha ambalo siku ya kwanza lilionekana dogo.

Mfupa wa paja ni tofauti. Umezungukwa na misuli minene, kwa hiyo mara nyingi haitoki damu nje, na watazamaji husema amepona kwa kuwa hana kidonda. Ndani ya paja lililovunjika inaweza kujikusanya damu ya lita moja hadi moja na nusu, wakati mtu mzima ana lita tano hivi mwilini. Majeruhi akianza kupauka, kutokwa jasho la baridi na kusikia kiu kali, damu inapotea hata kama hakuna tone lililoonekana kwenye lami. Mguu unaochezacheza humwaga damu zaidi kuliko mguu uliotulizwa. Waganga wa kijeshi walilithibitisha hilo katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia: vifo vya askari waliovunjika paja vilipungua sana walipoanza kufungwa gango la Thomas, lililobuniwa na tabibu wa Kiwelishi Hugh Owen Thomas, kabla ya kubebwa kutoka mstari wa mbele.

Abiria wana majeraha yao, na hayasemwi vya kutosha. Mtoto aliyepakiwa nyuma huingiza kisigino kwenye spoku za gurudumu, na ngozi ya kisigino hutoka kama ganda. Kidonda hicho hupona polepole kuliko watu wanavyodhani. Mama aliyekaa upande mmoja, kitenge kikiwa kimelegea, huvutwa chini na gurudumu lililokamata pindo, naye huanguka kwa kisogo. Ekzosi huunguza upande wa ndani wa mguu, hasa wa kulia, pikipiki ikiwa imesimama tu na abiria anashuka. Na watatu wakipanda mshikaki, yule wa mwisho hana pa kuweka miguu wala pa kushika.

Mikono huumia kwa sababu anayeanguka hunyoosha kiganja kujikinga. Hapo huvunjika mfupa wa karibu na kifundo cha mkono, au mtulinga pigo likipanda hadi begani. Haya hupona vizuri yakitibiwa mapema. Jeraha la mkono ambalo kwa kawaida halirudi lilivyokuwa ni lile la kuanguka kwa bega huku kichwa kikisukumwa upande wa pili. Mishipa ya fahamu inayotoka shingoni kwenda mkononi huvutika au kung'oka, na mkono hubaki ukining'inia, bila nguvu na bila hisia, mifupa yote ikiwa mizima. Ndugu huzunguka kwa waganga wakitafuta mfupa uliovunjika, na wakati huo miezi michache ambayo upasuaji wa mishipa ungeweza kusaidia inapita.

Mguu unalemaza, kichwa kinaua. Mfano maarufu ni wa mwaka 1935, wakati T. E. Lawrence, mwanajeshi na mwandishi wa Uingereza, alipoanguka na pikipiki na kufariki baada ya siku sita. Miongoni mwa madaktari waliomhudumia alikuwa Hugh Cairns, bingwa wa upasuaji wa ubongo, ambaye baadaye alichunguza vifo vya waendesha pikipiki wa jeshi na mwaka 1941 akachapisha ushahidi kwamba kofia ngumu inaokoa maisha. Leo hesabu inajulikana vizuri zaidi: kofia ngumu hupunguza hatari ya kufa kwa kiasi cha asilimia 42 na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Nchini, kanuni za mwaka 2010 zilizoruhusu pikipiki kubeba abiria kibiashara zilidai kofia kwa dereva na kwa abiria.

Hali halisi kijiweni ni nyingine. Kofia ya dereva imetundikwa kwenye saitimira au imelazwa juu ya tangi, ikisubiri askari wa usalama barabarani aonekane. Ya abiria haipo, au ipo na mkanda wake umekatika. Kofia isiyofungwa chini ya kidevu hutangulia kuruka, na kichwa hufika chini kikiwa wazi. Abiria wanaoikataa wana hoja ya kweli, kwani ni kofia moja ya jasho la watu wengi, na dawa yake ni ndogo: kitambaa safi cha kuvaa ndani, ambacho kila abiria anaweza kutembea nacho mfukoni. Faini peke yake haijaweza kulimaliza jambo hili na haielekei kuliweza.

Kuna hali moja ya kichwa ambayo kila familia ya Mbinga na Nyasa inapaswa kuifahamu. Mtu anaanguka, anapoteza fahamu kidogo, anaamka, anacheka na wenzake, anakataa hospitali na kwenda kulala. Ndani ya fuvu mshipa uliopasuka unaendelea kuvuja, na baada ya saa chache ubongo unabanwa. Dalili ni maumivu ya kichwa yanayozidi, kutapika kila mara, usingizi usio wa kawaida, degedege, maji maji au damu sikioni na puani, na mboni moja ya jicho kuwa kubwa kuliko nyingine. Huyo anahitaji hospitali usiku huo huo. Mara nyingi husemekana amelewa, hasa ajali ikiwa imetokea karibu na kilabu, na huachwa alale. Hata aliyekunywa kweli anaweza kuwa anavuja damu kichwani.

Tumbo nalo hudanganya hivyo hivyo. Ncha ya usukani ikimpiga dereva ubavuni, bandama au ini huweza kupasuka na ngozi ikabaki na mchubuko mdogo tu. Tumbo likianza kukaza na kuuma zaidi kadiri muda unavyopita, au maumivu yakipanda hadi bega la kushoto, kuna damu ndani.

Yanayofuata baada ya kuanguka yana uzito sawa na kuanguka kwenyewe, na hapa wilaya hizi zina kazi kubwa. Majeruhi mara nyingi huinuliwa kwa mikono na miguu, akakalishwa juu ya pikipiki nyingine katikati ya watu wawili, kichwa kikilala upande. Kwa mwenye mfupa wa shingo uliovunjika, safari hiyo inaweza kukata uti wa mgongo uliokuwa bado mzima, naye akafika hospitali hana nguvu za miguu wala mikono. Kwa mwenye paja lililovunjika, kila tuta ni damu nyingine. Ni heri kusubiri gari, lolote lenye nafasi ya kumlaza, kuliko kuwahi kwa namna hiyo.

Wanaofika kwanza kwenye ajali karibu zote ni bodaboda wenyewe, kwa hiyo wao ndio wa kufundishwa, na vifaa vyenyewe vipo kila kijiji. Damu inayotoka hubanwa kwa kitambaa safi, kiganja kikakandamiza bila kuachia. Mguu uliovunjika huwekewa mbao mbili, moja kila upande, ndefu kupita kiungo cha juu na cha chini ya mvunjiko, kisha hufungwa kwa vipande vya kanga sehemu nne au tano bila kufunga juu ya jeraha, vidole vikiachwa nje ili ionekane kama vinabadilika rangi. Mfupa uliotokeza haurudishwi ndani. Hufunikwa kwa kitambaa safi. Majeruhi asiye na fahamu hugeuzwa ubavu kwa watu watatu au wanne wakimgeuza kwa pamoja, mmoja akishika kichwa kiende sawa na kiwiliwili, ili matapishi yasimzibe. Hapewi maji wala soda. Mlango ulioondolewa kwenye bawaba ni machela nzuri kuliko mikono ya watu sita. Chama cha bodaboda kinachokusanya michango kwa ajili ya misiba kinaweza kununua mbao na bandeji za kila kijiwe kwa fedha ndogo kuliko za jeneza moja.

Hospitali zipo, ingawa zimetawanyika. Mbinga ina hospitali ya wilaya, Liuli na Litembo zina hospitali za misheni zilizowahudumia watu wa ziwani na wa milimani kwa vizazi kadhaa, na zaidi ya hizo kuna Peramiho na hospitali ya rufaa ya mkoa Songea. Mivunjiko inayozishinda hupelekwa mbali zaidi, hadi Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, MOI, Dar es Salaam, safari ya karibu kilomita 1,000. Fomu ya polisi, PF3, inahitajika kwa ushahidi na madai ya bima, lakini ndugu mmoja anaweza kuifuata kituoni wakati mgonjwa yuko tayari mikononi mwa daktari. Damu haisubiri fomu.

Zamani, paja lililovunjika lilivutwa kwa uzito kitandani kwa wiki sita au zaidi. Siku hizi huwekewa chuma ndani ya mfupa, na mgonjwa husimama kwa magongo baada ya siku chache. Mojawapo ya vyuma hivyo, msumari wa SIGN, ulibuniwa Marekani kwa ajili ya hospitali zisizo na mashine ya eksirei ndani ya chumba cha upasuaji, na MOI na Bugando zimeutumia kwa maelfu ya wagonjwa.

Woga wa chuma, na gharama yake, huwapeleka wengi kwa waunga mifupa wa kijijini. Baadhi yao wana mikono mizuri kwa mivunjiko midogo. Hatari iko kwenye vijiti vinavyofungwa kwa kamba na kukazwa wakati mguu bado unavimba: damu hushindwa kupita, vidole hufa ganzi, huwa vya baridi, kisha vyeusi. Maumivu yanayozidi baada ya kufungwa, iwe kwa vijiti au kwa plasta ngumu ya hospitali (POP), yanataka kamba au POP hiyo ifunguliwe mara moja, bila kungoja asubuhi.

Mtulinga hushika kwa wiki sita hadi nane, paja kwa miezi mitatu hadi sita, ugoko kwa minne hadi sita, na zaidi ukiwa ulitoboa ngozi. Katika muda huo goti lisilokunjwa hukakamaa, kwa hiyo mazoezi huanza mapema, hata kama yanauma. Anayerudi barabarani kabla ya mguu kuweza kubeba uzito wake wote hawezi kuizuia pikipiki isilale anaposimama mlimani. Aliyeumia kichwa anaweza kurudi nyumbani akiwa anatembea vizuri, lakini mwepesi wa hasira, msahaulifu, asiyestahimili kelele wala kazi ya kutwa nzima. Hiyo ni sehemu ya jeraha, na kliniki iliyomtibu ndiyo inayopaswa kumwona tena kabla hajashika usukani.