Kutangaza Nia si Kutembea

Katika ofisi nyingi na katika vyumba vya walimu, mwaka mpya huanza kwa maazimio. Mtumishi aliyeonywa na daktari juu ya shinikizo la damu huwaambia wenzake kwamba tangu Jumatatu atatembea hatua 10,000 kila siku. Mwalimu aliyenunua raba mpya hutuma picha zake katika kundi la WhatsApp la shule, na kabla jua halijachwa amekwisha kupokea pongezi kutoka kila upande. Ufikapo mwezi wa tatu, raba zimo uvunguni mwa kitanda, wala hakuna anayeuliza habari zake. Mambo haya yamezoeleka hata yakawa mzaha. Lakini maradhi yaliyomfanya mtumishi yule atangaze nia yake bado yamo mwilini mwake, nayo hayajui mzaha.

Uzito wa suala hili hauna ubishi. Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba, kwa takwimu zilizotolewa mwaka 2024, asilimia 31 ya watu wazima duniani, yaani karibu watu bilioni 1.8, hawakufikia mwaka 2022 kiwango cha mazoezi kinachotakiwa. Kiwango chenyewe si kikubwa. Ni dakika 150 hadi 300 kwa juma za shughuli ya wastani, kama vile kutembea kwa haraka. Mkulima anayekwenda shambani kwa miguu, na mama anayefuata maji mbali, hawana haja ya kuweka nadhiri ya kutembea. Wanaohitaji nadhiri hiyo ni wale ambao kazi yao ni kiti, meza na faili, na ambao hata mwendo wa kutoka nyumbani hadi kituo cha basi wamemwachia dereva wa bodaboda.

Swali basi ni hili: je, kuitangaza nadhiri hiyo mbele za watu humsaidia mtu kuitimiza, au humdhuru?

Wengi hujibu upesi kwamba humsaidia. Hoja yao ni ile ya wahenga, kwamba ahadi ni deni. Aliyeahidi hadharani ataona haya kurudi nyuma. Hoja hiyo ina ukweli, lakini ni nusu ya ukweli. Mwaka 2009 Profesa Peter Gollwitzer wa Chuo Kikuu cha New York na wenzake walitoa matokeo ya majaribio yaliyowashangaza wengi. Katika mojawapo, wanafunzi wa sheria waliandika nia yao ya kujibidiisha katika masomo. Nia za baadhi yao zilisomwa na kutambuliwa na msimamizi. Za wengine hazikutazamwa na mtu. Kisha wote wakapewa kesi za kuzichambua, na kila mmoja akaruhusiwa kuacha atakapo. Wale ambao nia zao zilikuwa zimetambuliwa ndio walioacha kazi mapema zaidi.

Maelezo ya wataalamu hao yanaeleweka bila shida. Mtu anapotangaza kwamba anakusudia kuwa wa namna fulani, na watu wakamkubali, moyo wake huanza kujiona umekwisha kufika. Sifa ambayo ilipaswa kuwa malipo ya kazi hulipwa kabla ya kazi. Majaribio hayo yalihusu masomo, wala hayakuhusu miguu. Lakini aliyewahi kuona mtu akisifiwa kuwa "mwanamazoezi" siku aliyonunua raba hatapata taabu kuuona mfano. Mshahara ukitolewa tarehe mosi kwa kazi ya mwezi mzima, ni wachache watakaoripoti kazini tarehe ishirini.

Je, ndiyo kusema kwamba kila mtu anyamaze na kutembea kwa siri? La hasha. Mwaka 2016 Benjamin Harkin wa Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, na wenzake walikusanya tafiti 138 zilizohusu watu karibu 20,000, ili kupima iwapo kufuatilia maendeleo ya lengo humsaidia mtu kulifikia. Jibu lilikuwa ndiyo. Zaidi ya hayo, faida iliongezeka pale ambapo matokeo yaliandikwa, na pale ambapo yaliwekwa wazi kwa watu wengine.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Utafiti wa kwanza ulihusu nia iliyotangazwa. Wa pili ulihusu matokeo yaliyotolewa. Mtu akisema "nitatembea", anaomba sifa. Akisema "jana nilitembea hatua 6,200, na juzi 3,000", anatoa hesabu. Walimu wanalifahamu jambo hili kuliko watu wote, kwa maana daftari la mahudhurio humwandika mwanafunzi aliyefika, wala halina safu ya aliyeahidi kufika. Na watumishi wa Serikali wanajua tofauti iliyopo baina ya azimio la kikao na taarifa ya utekelezaji.

Pongezi nazo zisipewe uzito usiostahili. Katika jaribio la majuma 11 lililofanywa katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2016, wanafunzi 790 waligawanywa katika makundi. Baadhi waliwekwa katika timu za kutiana moyo tu. Wengine walioneshwa jinsi mahudhurio yao ya mazoezi yalivyolingana na ya wenzao. Waliooneshwa mahudhurio walihudhuria karibu mara mbili ya wale ambao hawakuoneshwa. Wale wa kutiana moyo hawakuwapita hata wanafunzi walioachwa peke yao. Maneno matupu hayavunji mfupa, na hata maneno matamu hayasogezi mguu.

Hesabu yenyewe nayo yahitaji shabaha. Tafiti 26 za vifaa vya kuhesabia hatua, zilizochambuliwa na kuchapishwa mwaka 2007, zilionesha kwamba waliovaa vifaa hivyo waliongeza zaidi ya hatua 2,000 kwa siku, na kwamba kuwa na kiwango kilichowekwa mapema ndiko kulikoleta tofauti. Lakini kiwango kisiwe kikubwa hata kimkatishe mtu tamaa. Hatua 10,000 hazikutoka hospitali. Zilitoka katika jina la kifaa kilichoanza kuuzwa Japani mwaka 1965, baada ya Michezo ya Olimpiki ya Tokyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 juu ya wanawake wazee wa Marekani uligundua kwamba waliotembea hatua zipatazo 4,400 kwa siku walikuwa na vifo vichache kuliko waliotembea 2,700, na kwamba nafuu hiyo iliendelea kuongezeka hadi karibu hatua 7,500. Mwenye kuanza na hatua 3,000 akafika 5,000 amefanya kazi kubwa, hata kama hana picha ya kuituma.

Katika nchi hii, kutembea hadharani kwa ajili ya shabaha iliyotamkwa si jambo geni. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, vijana wa sehemu mbalimbali walitembea kwa miguu kuliunga mkono, na mwezi Oktoba mwaka huo Mwalimu Nyerere mwenyewe alitoka Butiama hadi Mwanza kwa miguu, mwendo wa zaidi ya kilometa 200. Safari ile haikuwa ya afya, lakini ina funzo linalohusu hoja hii. Mwanzo wake ulijulikana, mwisho wake ulijulikana, na kila kijiji cha njiani kilikuwa shahidi wa umbali uliokwisha kutembewa.

Miaka 49 baadaye, Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan, ambaye wakati huo alikuwa Makamu wa Rais, aliagiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi, ili kupambana na magonjwa yasiyoambukiza. Agizo hilo lilikuwa jema. Lakini Jumamosi za namna hiyo ni 12 tu kwa mwaka, na mishipa ya damu haihesabu Jumamosi peke yake. Siku ya pamoja inafaa kuwa siku ya kutoa hesabu ya majuma manne yaliyopita. Ikiwa siku ya fulana na picha tu, itakuwa sherehe ya nia.

Kinachotakiwa kinaweza kufanywa bila fungu lolote la fedha. Watu watano au sita wa idara moja, au wa shule moja, wakubaliane kwa hiari yao. Kila mmoja ajiwekee kiwango chake mwenyewe. Kila Ijumaa kila mmoja aseme alitembea kiasi gani, kwa hatua kama ana simu ya kuhesabu, au kwa dakika kama hana. Asiyetimiza aseme hakutimiza, na kazi iendelee.

Ni muhimu pia kuchagua nani asikilize hesabu hiyo. Utafiti wa Howard Klein wa Chuo Kikuu cha Ohio State na wenzake, uliochapishwa mwaka 2020, ulionesha kwamba mtu hushikamana zaidi na lengo lake anapolieleza kwa mtu anayemwona kuwa juu yake, ambaye maoni yake anayajali. Hata hivyo, yafaa tahadhari iwekwe. Anayeheshimiwa si lazima awe mwenye mamlaka ya kupandisha cheo. Mkuu wa idara akigeuka kuwa karani wa hatua, watumishi watajifunza kuitikisa simu mezani ili hesabu ipande. Mwalimu mzee anayependwa na wote, au jirani mwenye busara, anafaa zaidi.

Vilevile hesabu isigeuzwe fimbo. Wapo wenye ulemavu, wapo wajawazito, wapo wagonjwa ambao daktari amewapimia mwendo wao. Kumlinganisha mtumishi wa miaka 58 na kijana aliyetoka chuoni jana ni dhuluma. Kila mmoja alinganishwe na nafsi yake ya juma lililopita.

Taifa limegharimika kumsomesha mwalimu na kumfunza mtumishi, nalo linamkosa kwa kiharusi katika umri ambao uzoefu wake ndio kwanza umekomaa. Hasara hiyo haizuiwi kwa maazimio ya Januari. Atakayetaka kuwaambia wenzake kwamba ameanza kutembea, na atembee kwanza. Kisha Ijumaa awaletee hesabu.