Bwawa linafungwa, samaki hawahesabiwi

KUTOKA MAJENGO
Na Anaeli Kimaro

Mwaka 1889, Albert Günther wa makumbusho ya London alipelekewa samaki kutoka huku kwetu Kilimanjaro, akamwandika kitaalamu kwa jina la Oreochromis hunteri. Ni perege wa Ziwa Chala, pale Rombo. Jenasi aliyoianzisha kwa samaki huyo ndiyo iliyowabeba sato wa Mwanza na perege wengi wanaofugwa mabwawani kuanzia Misri hadi China. Mwenye ukoo mwenyewe, shirika la uhifadhi wa maumbile, IUCN, limemweka kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kabisa kutoweka, na ziwani mwake wamekwishapandikizwa perege wageni.

Mwaka 2016 wataalamu wa kimataifa walitoboa matope ya sakafu ya Chala, zaidi ya mita 200 kwenda chini, wasome mvua na ukame wa takriban miaka 250,000. Kazi nzuri, sina ugomvi nayo. Ila tusije tukafika mahali tukajua mvua za enzi hizo kuliko tunavyojua perege wa mwaka juzi.

Chala ni dogo. Tumbo la Moshi liko bwawa la Nyumba ya Mungu. Pita sokoni jioni, kwenye mabeseni ya akina mama: perege wamepangwa mafungu, na siku hizi fungu linajazwa na samaki wasiozidi kiganja. Pasua mmoja, si ajabu ukakuta ana mayai. Mama muuzaji hana kosa. Anauza kilichopanda gari alfajiri.

Bwawa lile lilijengwa miaka ya 1960 kwa ajili ya umwagiliaji na umeme, megawati 8. Samaki walikuja kama nyongeza, wavuvi wakamiminika kutoka kila kona, mavuno yakapaa miaka ya mwanzo kisha yakaporomoka kabla muongo wa 1970 haujaisha. Mwaka 1974 kikosi cha Chuo Kikuu cha London kilipiga kambi pale kikachunguza maji, majani na samaki. Matokeo yakachapishwa Uingereza mwaka 1978. Tangu hapo watafiti wamepita, wakiwemo wa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI) na wenzao wa Chuo Kikuu cha Bristol walioandika mwaka 2019 jinsi perege wageni walivyoenea nchini. Lakini kupita ni kupita. Mradi ukiisha, mashua inarudi ilikotoka.

TAFIRI iliundwa kwa sheria ya mwaka 1980, na vituo vyake tunavyovisikia ni vya Dar es Salaam, Mwanza, Kigoma na Kyela. Maziwa makubwa yana haki yao. Bonde la Pangani nalo lina Nyumba ya Mungu, Chala, na Ziwa Jipe linalosongwa na magugu huku tukiligawana na Kenya, lenye perege wake wa asili pia.

Kwa hiyo, badala ya utafiti wa kudumu, tunabaki na doria. Makokoro yanakamatwa, yanachomwa, picha zinapigwa. Bwawa limewahi kufungwa ili samaki wazaliane, na mvuvi wa Mwanga ana haki ya kuuliza: walikuwa kiasi gani siku mnafunga, na kiasi gani siku mnafungua? Bila takwimu za kila mwezi, anayefunga na anayevunja amri wote wanabahatisha, ila mmoja ndiye anayelala na njaa.

Sidai jengo la ghorofa. Nadai watafiti wawili wa kudumu Mwanga, mashua yenye mafuta, na posho ndogo kwa vijana wa vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi (BMU) wapime samaki mialoni. Bodi ya Maji Bonde la Pangani ofisi yake iko hapa hapa Moshi, na inatoza ada za matumizi ya maji. Vipimo vyake vya maji vikikaa meza moja na vya samaki, nusu ya kazi imekwisha.

Wizara ya Mifugo na Uvuvi husoma bajeti yake Dodoma kila mwaka. Wabunge wetu wa Mwanga, Rombo na Moshi Vijijini waulize utafiti wa maziwa haya matatu umetengewa shilingi ngapi, halafu waulize na la pili: za mwaka jana, Hazina ilitoa ngapi?